Daktari wa Jicho Moja: Maisha ya Denis Burkitt

Mara nyingi katika kurasa hizi husomwa habari za maaskofu na wainjilisti waliotutangulia. Safari hii tumeona vema tuwaletee maisha ya mtu ambaye hakuwa kasisi wala mwinjilisti, bali daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka 20, na jina lake likawa mashuhuri katika vitabu vya uganga duniani kote. Huyo ni Daktari Denis Parsons Burkitt. Ni zaidi ya miaka 30 sasa tangu alipofariki, na huenda wengi wetu hapa Mpanda hatujapata kulisikia jina lake, ingawa ugonjwa unaoitwa kwa jina hilo umo katika nchi yetu na huwapata watoto wetu.

Sisi tulikutana na ugonjwa huo kabla ya kujua unaitwaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, tukiwa walimu vijana tuliotoka chuo cha ualimu si siku nyingi, alikuwamo katika darasa la pili mvulana mmoja aliyevimba taya la kushoto. Tukadhani ni jino. Tukampa ruhusa aende akang'olewe, na jino likang'olewa kweli. Baada ya wiki mbili meno mengine yakalegea yenyewe, na jicho la upande ule likaanza kusukumwa nje. Nyumbani wakasema amerogwa, wakampeleka kwa mganga. Kabla ya mwezi wa pili kwisha tulikwenda kumzika, darasa zima, watoto wamebeba maua ya porini. Miaka mingi baadaye, tulipofungua kitabu cha afya na kuona picha ya mtoto wa Uganda, tulilitambua lile taya mara moja.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, katika sehemu ambayo sasa ni Ireland ya Kaskazini. Walikuwa watu wa Kanisa la Ireland, ambalo ni la Kianglikana kama letu. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja ya jimbo lao, na alipenda sana kuchunguza ndege. Aliwakamata ndege wadogo wa bustanini mwake, akawavisha pete miguuni ili kumtambua kila mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege ameshika eneo gani na mpaka wake uko wapi. Majirani wanaweza kuwa walimcheka, lakini wataalamu wa ndege wanamheshimu hadi leo kwa kazi hiyo. Tunaomba msomaji aikumbuke ramani hiyo ya ndege, maana tutairudia.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 Denis alipigwa jiwe usoni na watoto wenzake, miwani ikavunjika, na jicho moja likapotea. Hivyo maisha yake yote aliona kwa jicho moja. Mwaka 1929 aliingia Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na kundi dogo la wanafunzi waliokutana kusali na kusoma Biblia, na humo akaiona imani yake kuwa ni yake mwenyewe, si ya wazazi tu. Akaamini kwamba Mungu anamwita kwenye udaktari, akaacha uhandisi. Mwaka 1938 alifuzu upasuaji huko Edinburgh.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa, kwa sababu ya lile jicho. Vita vya pili vya dunia vilipozidi, jeshi halikuchagua sana, likamchukua. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, kisha akaletwa Afrika Mashariki na jeshi na akapata nafasi ya kuiona Uganda. Baada ya vita aliomba tena, na mara hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, katika wilaya ya Lango.

Huko Lira alipasua mabusha mengi mno. Mwingine angepasua na kunyamaza. Burkitt yeye alianza kumwuliza kila mgonjwa anatoka upande gani wa wilaya, akakuta kwamba upande wa mashariki mabusha ni mengi sana, na magharibi ni machache. Hapo ndipo tunapomwona mtoto wa yule mzee wa ndege. Swali lake la kwanza lilikuwa daima ugonjwa unakaa wapi, na unaishia wapi. Mwaka 1948 akahamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala.

Siku moja ya mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba mataya yote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni nini. Uvimbe wa usaha hauwezi kutokea mahali pane kwa wakati mmoja, na kansa ya kawaida haifanyi hivyo. Akampiga picha, na mtoto akafa. Wiki chache baadaye alikuwa akizuru hospitali ya Jinja, akaona nje msichana mdogo mwenye mataya ya namna ile ile, na alipompapasa akakuta uvimbe mwingine tumboni. Mmoja ungeweza kuwa ni ajabu tu, lakini wawili walikuwa ni habari. Akaanza kufukua majalada ya Mulago, akaona kwamba watoto waliovimba taya, na watoto waliovimba tumbo, macho au figo, ambao kila daktari aliwaandika kwa jina lake, wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Hata katika daftari za zamani za hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook wa CMS mwaka 1897, wagonjwa hao wamo. Waliandikwa na kusahauliwa kwa miaka 50.

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala ya kwanza. Halikushtuka jambo. Baadaye daktari wa maabara, Gregory O'Conor kutoka Marekani, alionyesha kwa hadubini kwamba ni kansa ya matezi, yaani inatokana na zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Neno hilo tutalihitaji mbele.

Sasa Burkitt akataka ramani. Serikali ilimpa paundi 25 tu za utafiti. Kwa fedha hizo akachapisha karatasi zenye picha za watoto na maswali machache, akazituma zaidi ya 1,000 kwa hospitali za Afrika. Kwa majibu yaliyorudi akachomeka pini katika ramani ukutani. Pini zikafanya mkanda unaokata Afrika katikati, kandokando ya ikweta, wenye mkia unaoshuka pwani ya mashariki mpaka Msumbiji.

Ili kujua mpaka wa ule mkanda ilimpasa aende mwenyewe. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford pamoja na marafiki wawili, Ted Williams, daktari mmisionari wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, ambaye pia alikuwa fundi mzuri wa gari, na Cliff Nelson, daktari kutoka Kanada. Kwa wiki 10 walikwenda maili 10,000 hivi, kusini hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipitia Tanganyika iliyokuwa ikijiandaa kwa Uhuru wa tarehe 9 Desemba. Walifika hospitali zaidi ya 50, nyingi za misheni. Katika kila hospitali walitoa picha, wakauliza kama watoto wa namna hii wanaonekana hapo. Aliyejibu kuwa hajawahi kuwaona alisaidia sawasawa na aliyejibu kuwa anao wodini, maana mpaka huchorwa kwa pande zote mbili.

Na mpaka ulionekana. Kansa hii haikuonekana penye baridi, katika nyanda za juu zinazozidi kama futi 5,000, wala penye ukame. Ilipenda penye joto na mvua. Tuichukue kanuni hiyo tuilete kwetu. Mpanda iko kama futi 3,600 juu ya usawa wa bahari, Karema na bonde la Rukwa ziko chini zaidi, na wenzetu wa Sumbawanga wako karibu futi 6,000. Mtu wa Ufipa anayeshuka bondeni anajua kinachomngoja, ni homa. Ramani ya Burkitt na ramani ya malaria karibu ni ramani moja.

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mazungumzo katika hospitali ya Middlesex, London. Kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, alikaa akisikiliza. Epstein alikuwa akichunguza virusi vinavyowapa kuku kansa, na aliposikia kwamba ipo kansa ya watoto inayofuata joto na mvua, aliwaza kwamba lazima ipo kwa sababu ya virusi. Wakapatana. Burkitt akawa anakata vipande vya uvimbe Kampala na kuvituma London kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili hapakuonekana kitu. Desemba 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester, na chupa ikafika imechelewa, maji yake yamekuwa kama ya tope. Ilidhaniwa kuwa imeoza. Walipochungulia wakaona chembe za kansa zinaelea, hai, zinazaana. Kutokana na chembe hizo, mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr, walivionea virusi kwa hadubini ya elektroni. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na kansa ya binadamu. Tangu hapo imejulikana kwamba karibu watu wote duniani tunavyo virusi hivyo mwilini na havitudhuru. Kwa hiyo peke yake havitoshi, na swali likabaki wazi.

Tumefika sasa kwenye sehemu ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike habari hii. Mwanzoni Burkitt aliwatibu watoto hao kwa kisu, akikata mataya yao, na matokeo yalikuwa ya kuhuzunisha. Mashine ya mionzi Mulago hakukuwa. Kisha akapata kutoka Marekani dawa mpya za kansa, kama methotrekseti na saiklofosfamidi, akazitumia kwa kiasi kidogo. Uvimbe uliyeyuka mbele ya macho ya watu. Mama aliyemleta mtoto mwenye uso usiotambulika alimwona mwanawe tena baada ya siku chache. Wengine, wakiona hivyo, waliwachukua watoto wao nyumbani baada ya dozi moja au mbili tu, na matibabu yakakatika. Kwa kanuni za uganga watoto hao wangekufa wote. Walipotafutwa baada ya miaka, baadhi yao walikutwa wazima.

Burkitt alichapisha habari zao mwaka 1967. Mwaka huo huo yeye na Sebastian Kyalwazi, daktari mpasuaji wa Uganda, waliandika juu ya uvimbe uliokwisha wenyewe. Huko Ibadan, Nigeria, Daktari Anomah Ngu wa Kamerun alikuwa akiona mambo hayo hayo na kusema hayo hayo. Hoja yao ilikuwa kwamba dozi moja haiwezi kuua kansa yote. Dawa inapunguza adui, halafu kuna kitu ndani ya mtoto mwenyewe kinachomaliza kazi. Kitu hicho ni kinga ya mwili.

Tuieleze kwa mfano wa kwetu. Chembe nyeupe za damu ni kama sungusungu wa kijiji. Mgeni akiingia usiku, yaani kijidudu, wanamkamata kwa sababu hawamjui. Lakini kansa si mgeni. Ni mtoto wa mle mle kijijini, anajua lugha, anaitikia salamu, na sungusungu wanampita. Katika ugonjwa wa Burkitt mambo ni mabaya zaidi, maana mwizi mwenyewe ni mmoja wa sungusungu. Tiba ya kinga ya mwili maana yake ni kuwafundisha walinzi kumtambua mtu huyu na kumkamata. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wengi walikuwa na shaka kama jambo hilo linawezekana, na ushahidi ulitoka kwa watoto wa Kampala, Nairobi na Ibadan.

Wanasayansi wakaufuata. Peter Clifford wa Nairobi alituma damu na uvimbe wa wagonjwa wake Stockholm, Sweden, kwa George na Eva Klein, nao wakakuta katika maji ya damu ya watoto hao kingamwili zinazoshika chembe za kansa. Mwaka 1967 ilianzishwa Kampala taasisi ya kansa, akaiongoza kijana wa Kimarekani, John Ziegler. Yeye na wenzake walichukua maji ya uvimbe wa mtoto mwenyewe wakamchoma kidogo chini ya ngozi, kama tunavyopimwa kifua kikuu, na walionyesha mwaka 1970 kwamba ngozi ikiitika, mtoto ana matumaini zaidi ya kukaa salama. Halafu wakajaribu kuuamsha mwili kwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu ambayo wengi wetu tunayo kovu lake begani. Haikusaidia. Watoto waliopewa BCG na wasiopewa walikwenda sawa, na mwaka 1976 Ziegler na Ian Magrath walitangaza hivyo bila kuficha. Tunawaheshimu kwa tangazo hilo kuliko kwa mengi waliyofaulu. Mwaka huo huo wengine walionyesha kuwa BCG hiyo hiyo, ikitiwa katika kibofu cha mkojo, inasaidia kansa ya kibofu, na mpaka leo inatumika.

Burkitt mwenyewe hakuwa mtu wa maabara, wala hakujidai kuwa. Mwaka 1972 alipopewa tuzo kubwa ya Lasker huko Marekani, walioheshimiwa pamoja naye kwa kazi ya ugonjwa huu walikuwamo Ngu na Ziegler. Ile mbegu imekua. Tangu mwaka 1997 ipo dawa iitwayo rituksimabu, ambayo ni kingamwili iliyotengenezwa. Inamshika yule sungusungu mwizi na kumpaka alama, kama ng'ombe anavyopigwa chapa, ili walinzi wengine wamwone. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa huu uliokwisha kuenea wanapona zaidi wakiongezewa dawa hiyo. Katika hospitali za nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona sasa. Kwetu idadi iko chini sana, kwa kuwa dawa ni ghali, na kwa kuwa wengi hufika wamechelewa au huacha matibabu katikati.

Hapa hatuna budi kusema jambo linalotuuma. Zile dawa za kwanza, za bei nafuu, zilikuwa zinajulikana miaka 20 kabla ya yule mvulana wetu wa darasa la pili kuugua. Treni ya Kaliua na Tabora ilikuwapo. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza.

Basi wazazi na walimu mjue. Mtoto wa miaka kama 2 hadi 14 akivimba taya na meno yakalegea, au jicho likasukumwa nje, au tumbo likavimba upesi, msingoje. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tu. Jino likishang'olewa na uvimbe ukaendelea, arudishwe hospitali wiki ile ile, mganga wa hospitali ya mkoa aombwe barua ya rufaa, na apelekwe Bugando au Muhimbili, ambako watoto wenye kansa wanatibiwa. Na matibabu yakianza, yamalizwe, hata uvimbe ukitoweka.

Kuhusu malaria, mwaka 1969 Burkitt aliandika kwamba yeye sasa anaona mbu hawaleti virusi vya kansa, bali malaria ya mara kwa mara inawachosha walinzi wa mwili hata virusi vile vya kila mtu vikapata nafasi. Ilijaribiwa hapa hapa Tanzania. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa Mara ya Kaskazini, upande wa Shirati, walipewa klorokwini kuzuia malaria. Kansa ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge, kwa hiyo jibu halikuwa safi. Utafiti wa baadaye umezidi kumpa Burkitt haki. Wenye kufugia kuku vyandarua, au kuvulia dagaa kule ziwani, wanajijua.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kuhamia Uingereza. Huko, pamoja na rafiki yake wa zamani Trowell, ambaye alipewa ukasisi katika Kanisa la Uingereza, alianza kuuliza kwa nini maradhi ya utumbo ya Wazungu hayakuonekana Mulago. Akarudia ile ile njia yake ya kuandikia hospitali na kuchora ramani, akafikia kwamba sababu moja ni vyakula vilivyokobolewa. Yeye mwenyewe angewasifu akina mama wanaosonga ugali wa dona. Mwaka 1979 aliandika kitabu juu ya jambo hilo, kikasomwa sana, na watu wengi wa Ulaya wanamkumbuka kwa mkate wa ngano nzima kuliko kwa watoto wa Uganda.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, akiwa na miaka 82, akazikwa katika kijiji cha Bisley. Aliacha mjane wake Olive na mabinti watatu.